Bibi wa miaka 78 ambaye Alzheimer ilimpita kando

Mwaka 1998 jarida la Annals of Neurology lilitoa makala kuhusu mwanamke mmoja wa miaka 78. Jina lake halikuandikwa. Timu iliyomchunguza iliongozwa na Vee Prasher, daktari wa magonjwa ya akili wa Birmingham, Uingereza, ambaye kazi yake kubwa imekuwa na watu wazima wenye hali ya Down, hali ya kuzaliwa inayoambatana na ulemavu wa akili. Bibi huyu naye alikuwa na Down. Kilichofanya aandikiwe makala ni kwamba hakuwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole.

Ukisoma haraka utauliza habari iko wapi. Mitaani kwetu wamejaa vikongwe wa umri huo ambao bado wanakumbuka nani aliazima sufuria na hakuirudisha. Kwa mtu mwenye Down mambo ni mengine kabisa. Akifika miaka 40, karibu kila mmoja wao ana mabaka ya protini iitwayo amiloidi na mafundo ya nyingine iitwayo tau ndani ya ubongo, alama zile zile mbili ambazo Alois Alzheimer alizieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Dalili zenyewe, kusahau na kupotewa na mambo aliyokuwa akiyaweza, huonekana kwa wastani katikati ya miaka ya 50. Akijaliwa umri mrefu, uwezekano wa kupata dimensia unapita asilimia 90. Kati ya sababu za kijenetiki zinazoleta Alzheimer mapema, hakuna inayogusa watu wengi kama hii.

Sasa rudi kwa bibi. Makala ilitoka 1998, kwa hiyo hakuzaliwa baada ya mwaka 1920. Zama hizo mtoto mwenye Down alikadiriwa kuishi miaka 9 hivi. Yeye akaishi mara nane ya hiyo na zaidi, na akili yake haikuporomoka. Mtu wa namna hiyo ama ana bahati ya ajabu, ama kuna kitu wenzake wanacho ambacho yeye hana.

Kwamba watu wenye Down huzeeka mapema kilijulikana zamani. John Langdon Down alieleza hali hiyo mwaka 1866, na miaka kumi tu baadaye Fraser na Mitchell kule Uskoti walikwisha kuandika kwamba baadhi yao walikufa kwa kitu kilichofanana na uzee uliokuja mbio. Mwaka 1948 George Jervis, Marekani, akapasua bongo za watatu waliokuwa wamepoteza uwezo wao ukubwani, akakuta Alzheimer. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wakaonyesha kwamba chanzo cha Down ni kromosomu ya 21 (kromosomu ni vifurushi vya jeni ndani ya seli) kuwa tatu badala ya mbili. Vipande vyote vilikuwa mezani, lakini ilichukua robo karne kabla ya mtu kuviunganisha.

Aliyeviunganisha ni George Glenner, San Diego. Mwaka 1984, yeye na Caine Wong walichuja amiloidi kutoka kwenye mishipa ya damu ya ubongo wa waliokufa na Alzheimer, kisha wakafanya vivyo hivyo kwa ubongo wa watu wenye Down. Ilikuwa protini moja. Glenner akatabiri bila kuuma maneno: jeni inayotengeneza kitu hiki itakutwa kwenye kromosomu ya 21. Mwaka 1987 ikakutwa huko huko, ikapewa jina la APP. (Glenner mwenyewe alifariki 1995 kwa ugonjwa wa amiloidi wa aina nyingine. Dunia ina mizaha yake.)

Wengi wangedhani kesi imekwisha: kromosomu tatu, APP tatu, amiloidi nyingi, Alzheimer. Kisayansi bado ilikuwa tuhuma tu, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanaosimulia habari hii wanaruka hatua. Kromosomu ya 21 ina zaidi ya jeni 200 zinazotengeneza protini. Mwenye Down wa kawaida ana nakala tatu za zote kwa pamoja. Ni kama duka lililoibiwa usiku ambao walinzi wote 200 walikuwa zamu. Unaweza kumshuku mmoja kwa sura, lakini ushahidi huna, maana kila alipokuwepo huyu na wenzake walikuwepo. Hata ukikusanya wagonjwa elfu moja wa aina hiyo huongezi kitu, kwani unarudia usiku ule ule mara elfu. Unachohitaji ni usiku mmoja ambao baadhi ya walinzi hawakuja kazini.

Bibi wa miaka 78 alikuwa usiku huo.

Kromosomu zake zinastahili kuangaliwa taratibu. Mtu wa kawaida ana 46. Kati ya kila watu 100 wenye Down, kama 95 wanazo 47, kwa sababu wamezaliwa na 21 nzima ya ziada. Bibi alikuwa na 46. Anayehesabu tu angeandika kwamba hana tatizo. Ni mpaka uangalie umbo la moja ya zile 21 mbili ndipo unaona kisa. Kromosomu hii ina mkono mfupi, ambao hauna mengi, na mkono mrefu wenye karibu jeni zote. Kwenye kromosomu yake moja, ncha ya mkono mrefu, kuanzia eneo ambalo wataalamu wanaliita 21q22.1 hadi mwisho, ilikuwa imejirudia. Ilikuwepo mahali pake pa asili, na nyingine ilikuwa imepachikwa upande wa mkono mfupi, mfano wa kitambaa kilichoshonwa pindo lile lile juu na chini.

Kitu kama hicho hutokeaje? Kwa kawaida huanzia kwa mzazi mwenye kromosomu ya 21 ambayo kipande chake cha kati kimegeuzwa kichwa chini. Mzazi huyo hana shida yoyote, kwa kuwa hajapungukiwa na kitu wala kuzidishiwa, ni mpangilio tu umebadilika. Balaa huja wakati wa kutengeneza yai au mbegu, pale kromosomu mbili zinapobadilishana vipande. Iliyogeuzwa huweza kutoka na ncha mbili za aina moja. Mtoto akiipokea hiyo, pamoja na 21 nzima kutoka kwa mzazi mwingine, anakuwa na ncha tatu na sehemu nyingine zote mbili mbili.

Timu ya Prasher haikuridhika na kutazama kwa hadubini. Walitumia vipande vya DNA vinavyong'aa ambavyo hujinasa kwenye jeni inayotafutwa, wakahesabu, wakalinganisha pia na alama nyingine za DNA. Jibu likawa lile ambalo ramani ilitabiri. APP inakaa 21q21, yaani upande wa ndani, kabla ya mahali mkato ulipotokea. Bibi alikuwa na nakala mbili za APP, kama mimi na wewe.

Kuhusu ubongo wenyewe, walifanya mambo matatu. Walimpima uwezo wa akili na kumbukumbu, wakampiga picha ya MRI, na baada ya kifo wakaukagua ubongo. Hilo la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Vipimo vya akili kwa mtu ambaye tangu utotoni ana ulemavu wa akili vina utata, na picha za wakati ule hazikuweza kuonyesha amiloidi. Ubongo uliokatwa na kutiwa rangi hauna porojo. Alzheimer haikuwemo.

Basi hebu tupime kisa hiki kina thamani gani.

Kilichothibitika moja kwa moja ni kwamba ncha ile ya kromosomu, ikizidi, inatosha kumpa mtu Down lakini haitoshi kumpa Alzheimer. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa, hata kuliko habari ya APP. Tulizoea kuona ulemavu wa kukua na ugonjwa wa kuzeeka kama mwendo mmoja: ubongo uliojengwa vibaya hubomoka mapema. Hata wataalamu walikuwa na fikra hiyo, kwamba mwenye Down hana akiba ya ubongo, ndiyo maana uzee humuwahi. Bibi huyu alikuwa na ubongo uliojengwa kwa namna ya Down na ukadumu miaka 78 bila ugonjwa huo. Ujenzi na ubomoaji viko kwenye kromosomu moja, lakini ni vyumba viwili, na mlango wa kati unaweza kufungwa.

Ambacho hakikuthibitika ni hatia ya APP. Upande wa ndani wa kromosomu una jeni nyingine pia, na zote hizo bibi alikuwa nazo mbili mbili. Labda mwizi ni mmoja wa hao. Isitoshe huyu ni mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kukwepa ugonjwa kwa sababu zake binafsi. Yeye aliwaondolea lawama walinzi waliokuwa zamu usiku wake. Waliokosekana walibaki wote washukiwa.

Kumaliza kesi kulihitaji kisa cha upande wa pili: watu wenye APP tatu lakini wasio na Down. Hapo kulikuwa na historia ya aibu kidogo. Mwaka 1987, mara tu APP ilipogunduliwa, kundi moja lilitangaza kwenye Science kwamba limeikuta imezidi kwa wagonjwa wa kawaida wa Alzheimer. Maabara nyingine zikajaribu kurudia, zikatoka mikono mitupu, na wazo likawekwa kando kwa karibu miaka 20. Mwaka 2006 Anne Rovelet-Lecrux, Dominique Campion na wenzao wa Rouen, Ufaransa, wakalirudisha kwa njia safi. Walikuta familia tano ambamo kipande kidogo cha kromosomu ya 21 kimejirudia. Urefu wa kipande ulitofautiana kutoka familia hadi familia, lakini APP ilikuwemo katika kila kimoja. Watu hao walikua kama wengine, wakasoma, wakaoa na kuolewa. Kisha Alzheimer ikawapata kabla ya uzee, kizazi baada ya kizazi, na mara nyingi pamoja na damu kuvuja ubongoni, kwa kuwa amiloidi ilikuwa imejaa kwenye kuta za mishipa.

Weka bibi wa Prasher na familia za Rouen pamoja. Yeye: Down bila APP ya tatu, hakuna Alzheimer. Wao: APP ya tatu bila Down, Alzheimer ipo. Kila upande ukiusoma peke yake una mianya, lakini mianya ya huyu imezibwa na hao.

Kinachonishangaza ni udogo wa tofauti yenyewe. Hakuna protini mbovu hapa. APP ya mwenye Down ni sawa na ya jirani yake, ila inatengenezwa zaidi, kwa makadirio mara moja na nusu. Seli huikata APP kwa vimeng'enya viwili, kimoja baada ya kingine, na kati ya vipande vinavyotoka kimo kile kinachogandamana kuwa mabaka. Ukizidisha malighafi kwa nusu, tangu tumboni hadi miaka 40, mabaka hayakosekani. Na kuna ushahidi wa upande wa kupunguza. Mwaka 2012 watafiti wa Iceland walieleza badiliko adimu la APP linalofanya kimeng'enya cha kwanza kuikata kwa shida, na kipande kibaya kinapungua kwa kama asilimia 40. Wenye badiliko hilo hupata Alzheimer mara chache kuliko wengine. Kwa miaka 60 au 70, kidogo cha kila siku ndicho kinachoamua.

Hadithi ingekuwa tamu kama ingeishia hapo, lakini imeendelea kuchanganyika. Mwaka 2018 Frances Wiseman, Elizabeth Fisher, Victor Tybulewicz na wenzao walitumia panya waliobebeshwa kromosomu ya 21 ya binadamu ambayo APP yake haifanyi kazi. Waliwachanganya na panya wanaotengeneza amiloidi. Mabaka yakaongezeka. Maana yake ni kwamba kwenye ile kromosomu kuna jeni nyingine ambazo haziwashi moto, lakini moto ukishawaka zinapuliza. Na kuna inayomwagia maji: BACE2, ambayo huikata APP mahali pengine na kuharibu kile kipande kinachoganda. Maabara ya Dean Nižetić, London, iliotesha vijibongo vidogo kutokana na seli za watu wenye Down, na ilipoondoa nakala ya tatu ya BACE2, baadhi vikaanza kuonyesha alama za Alzheimer ndani ya vyombo.

Sasa angalia ramani tena. BACE2 iko mbali kwenye ncha ya mkono mrefu, sehemu ile ile iliyojirudia kwa bibi wa miaka 78. Yeye basi alikuwa na APP mbili na BACE2 tatu. Mwenye Down wa kawaida ana tatu na tatu, familia za Rouen zina tatu na mbili. Makala ya 1998 isingeweza kulijua hili, kwani BACE2 ilikuwa bado haijaelezwa. Nikiisoma leo najiuliza kama bibi alikuwa kielelezo cha mtu asiye na kinachodhuru tu, au pia cha mtu aliyezidishiwa kinachokinga. Hoja ya msingi haitikisiki, ila kama kipimo cha "Down bila APP" hakuwa safi kama tulivyodhani.

Kuna wanaopenda kuweka kisa hiki kapu moja na kile cha jeni ya FMR1, iliyo kwenye kromosomu ya X, kwa kuwa nacho kinaunganisha utoto na uzee. Kapu si moja. Kwenye FMR1 kuna herufi tatu za DNA, CGG, zinazojirudia mfululizo. Zikipita marudio 200, jeni hunyamazishwa na mtoto, hasa wa kiume, anakuwa na ulemavu wa akili. Zikiwa kati ya 55 na 200, jeni inaendelea kufanya kazi kupita kiasi na mabaki yake huumiza seli polepole. Ndiyo maana mwaka 2001 Randi na Paul Hagerman, California, waliweza kueleza babu waliokuwa wakitetemeka mikono na kuyumba wakitembea, ambao wajukuu wao, watoto wa mabinti zao, walikuwa na ule ulemavu. Huko ni jeni moja yenye makosa mawili tofauti ndani ya ukoo mmoja. Kwenye Down ni kosa moja, kuzidi, linaloangukia jeni tofauti ndani ya mwili mmoja. Ukilichanganya hilo utampa mzazi ushauri usio wake.

Mwaka 2017 akapatikana mwingine, mwanaume wa miaka 72 kule Marekani, naye mwenye trisomi (yaani nakala ya tatu) ya sehemu tu ya kromosomu ya 21, na APP mbili. Safari hii kulikuwa na kipimo cha picha kinachong'arisha amiloidi mtu akiwa hai. Hakikuonyesha kitu. Dimensia hakuwa nayo.

Kati ya makala hizo mbili ilipita miaka 19. Trisomi inayoiacha APP nje ni adimu, na mtu mwenye nayo anayefika uzeeni akiwa mikononi mwa madaktari wanaojua cha kutafuta ni adimu zaidi.

Dawa za kwanza zinazoondoa amiloidi zimekwisha kuingia sokoni. Lecanemab ilipewa kibali kamili Marekani Julai 2023. Majaribio yaliyoipatia kibali hayakuchukua watu wenye Down, kundi ambalo ugonjwa wake unaeleweka chanzo kuliko wa mgonjwa mwingine yeyote wa Alzheimer. Nilipolisoma hilo nilikasirika, kisha nikakumbuka mishipa ya wale wa Rouen. Dawa hizi zinaweza kuvimbisha ubongo na kuvujisha damu, hasa palipo na amiloidi kwenye kuta za mishipa, na wenye Down wanayo tele. Wanahitaji majaribio yao wenyewe, yenye vipimo vyao. Kuwaacha nje kulikuwa na sababu, ila kukawia kuwafanyia ya kwao hakukuwa nayo.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lilikuwa mbali kwa sababu ya kusikitisha: karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi hawakufika utu uzima. Siku hizi kuna upasuaji wa moyo wa watoto Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtoto aliyezibwa tundu leo ana nafasi nzuri ya kuwa mtu wa miaka 50, na hapo ndipo APP yake ya tatu itakapodai.

Siku hiyo ikifika, watu wa nyumbani watasema "amerudi utotoni". Kwa mzee mwingine msemo huo unaeleweka, lakini kwa aliyeitwa mtoto maisha yake yote unaficha ugonjwa. Daktari naye ataona mtu asiyejibu maswali na kudhani ndivyo alivyo. Inawezekana pia isiwe Alzheimer kabisa: tezi ya shingo iliyolegea, masikio yaliyoziba, mtoto wa jicho na huzuni ya kufiwa na mama, vyote hivyo ni vya kawaida kwa wenye Down na vyote humfanya mtu aonekane amepungua akili, na vingi vinatibika. Njia ya kutofautisha ni kujua alikuwaje kabla. Prasher na wenzake katika fani hiyo hushauri apimwe mapema, akiwa na miaka 30 au 35 hivi, akiwa mzima. Pasipo na mtaalamu, daftari la nyumbani linafaa: anachemsha chai mwenyewe, anafunga vifungo vya shati, anajua njia ya kwenda msikitini au kanisani, anataja majina ya watoto wa dada yake wote saba.